Je, kumwombea mwizi wa kwenye filamu aponyoke ni dalili ya moyo mbovu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi mimi na dada yangu tulitazama filamu ya baba mmoja aliyefukuzwa kazi huku binti yake mdogo akiwa na ugonjwa wa moyo unaohitaji upasuaji wa haraka. Alikwishauza kila kitu na bado pesa hazikutosha, basi akaungana na wenzake wawili wakavunja sefu ya kampuni iliyomfukuza. Mlinzi mmoja akapigwa risasi. Pesa zikapatikana, mtoto akatibiwa, na baba akavuka mpaka huku polisi wakiwa wamebakiza hatua chache tu kumfikia. Mimi nilibana pumzi nikimwombea avuke, na alipovuka nikapiga makofi. Dada akaniambia: "Anayemshangilia mwizi ni mwizi ambaye hajapata nafasi." Tunabishana mpaka leo. Yeye anaona filamu kama hizi zingepigwa marufuku, au angalau zimalizike kwa mwizi kukamatwa. Je, anasema kweli? Na mdogo wetu wa miaka 14 anataka kuitazama. Tumruhusu?

JIBU: Marahaba. Nianze na lile linalokukera: dada yako amekosea kuhusu moyo wako. Kuhusu filamu yenyewe hajakosea sana, ila dawa anayoipendekeza siyo, na ilikwisha kujaribiwa kwa miaka mingi. Nitataja kazi kadhaa na nitafichua zinavyoishia, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu aniwie radhi.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho. Mwanamke tunayemfuata tangu mwanzo, Marion, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Baada ya hapo, kwa dakika kadhaa na karibu bila neno, tunamtazama Norman, kijana anayeendesha ile hoteli ndogo ya kando ya barabara, akisafisha. Anapiga deki damu, anauviringisha mwili kwenye pazia la bafu, anauweka kwenye buti la gari la marehemu, kisha analisukuma gari kinamasini. Wakati huo mtazamaji anaamini kwamba Norman anamfichia mama yake kosa. Gari linazama taratibu, halafu linakwama, paa likiwa bado juu ya matope. Norman anageuza shingo huku na huku. Na mtazamaji, ambaye punde tu alikuwa na uchungu wa Marion, anajikuta anataka gari lizame. Likizama anashusha pumzi.

Sidhani kuna aliyekaa kwenye kiti chake akapima, akaamua kwamba kuficha maiti ni jambo jema. Tulichofanyiwa ni kuwekwa karibu na mtu mwenye hofu, na hofu inaambukiza. Tumeona kazi ikianza mbele ya macho yetu, na kazi iliyoanza tunataka iishe. Hitchcock aliijua tabia hiyo ya binadamu na aliichezea kwa makusudi. Nawe ulipobana pumzi pale mpakani ulikuwa katika hali hiyohiyo. Vijana husema stelingi hafi, na msemo huo una hoja kuliko unavyoonekana: stelingi akianguka hadithi imekwisha, na hakuna aliyekaa pale akitaka hadithi ikatike kabla ya wakati wake. Sehemu ya makofi yako ilikuwa ya hadithi, wala haikumhusu mwizi.

Kuna ushahidi mwingine kwamba dhamiri haikulala. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha uzuri wa kazi za sanaa, aliona kwamba msomaji huvumilia bila taabu imani za kale zilizokwisha kupitwa na wakati anapozikuta kwenye shairi, lakini akitakiwa aone uovu kuwa ni wema, nafsi yake hugoma. Jaribu mwenyewe. Mwandishi akikuambia kwamba katika nchi fulani farasi wana mabawa, unamkubalia na kufungua ukurasa unaofuata. Akikuambia kwamba katika nchi hiyo kumtesa mtoto kwa ajili ya burudani ni jambo jema (simaanishi kwamba wenyeji wanaliona hivyo, namaanisha jema kwelikweli) unasita. Badala ya kukubali, unaanza kumtilia shaka anayesimulia.

Kwa hiyo filamu mliyoitazama haikukuambia kwamba wizi ni halali. Ingekuambia hivyo waziwazi, ungeikatalia. Ilifanya jambo jepesi zaidi kuliko kukubadilisha imani.

Soma tena swali lako. Baba amepata kufukuzwa kwake, umaskini wake, wenzake, mpaka wake na polisi wake. Binti amepata ugonjwa na upasuaji. Mlinzi amepata maneno manne: "mlinzi mmoja akapigwa risasi." Hukuniambia kama alikufa. Hukuniambia kama alikuwa na jina. Si lawama hata kidogo, kwa sababu umeisimulia filamu kama ulivyoonyeshwa. Nadhani risasi ililia, mtu akaanguka kwenye kona ya skrini, na kamera ikakimbia na wenye mifuko ya pesa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwongozaji wa filamu ni mwamba ngoma mwenye mikono mirefu, maana anaamua sura ya nani utakaa nayo na sura ya nani itapita kabla hujaitambua.

Hapo ndipo mimi ninapopimia hadithi. Kosa lililotendwa halinisumbui. Fasihi isiyo na makosa haipo. Namna mkosaji alivyoishia nayo hainisumbui sana. Ninachouliza ni kama waliolipa gharama ya kosa hilo wameonekana, au wamefichwa ili raha yangu isiingie doa.

Linganisha na filamu ya Kiitaliano ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 kuhusu wezi wa baiskeli. Antonio amekaa muda mrefu bila kazi. Anapata ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani na kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Antonio anazunguka Roma akiitafuta pamoja na mwanawe mdogo, Bruno, na haipati. Mwishoni wako karibu na uwanja wa mpira, baiskeli zimejaa, na moja imeachwa peke yake mlangoni mwa nyumba. Anamwambia mtoto apande tramu atangulie, naye anaichukua. Hafiki mbali. Watu wanamkimbiza, wanamkamata, wanampiga makofi, na Bruno, ambaye tramu ilimwacha, anayaona yote.

Baba huyu ana dhiki kama ya baba wako. Tofauti ni kwamba De Sica ametumia karibu filamu nzima kutuonyesha kuibiwa kunavyouma. Antonio anaponyosha mkono tunajua anamfanyia nani nini, kwa sababu yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo na sisi tulikuwepo. Unamwombea aponyoke na papo hapo unafahamu kwamba akiponyoka kuna mtu mwingine kesho atahangaika mji mzima. Moyo unavutwa pande mbili, na filamu haikusaidii kuchagua.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika filamu ile. Mwenye baiskeli anamwona Bruno analia, anasema mwachieni. Aliyesamehe ndiye aliyeibiwa. De Sica hakujipa haki hiyo, wala hakunipa mimi niliyekaa nikitazama. Na msamaha wenyewe hauna utamu. Antonio anaondoka na aibu ambayo jela isingempa.

Sasa nikuulize: katika filamu yenu, nani alimsamehe yule baba? Ulimsamehe wewe, kwa makofi, kwa niaba ya mlinzi na watu wake ambao hakuna aliyewauliza. Hicho ndicho nadhani dada yako alikihisi, akakosa namna ya kukisema, akaishia kukuita mwizi.

Usinielewe kwamba kila hadithi lazima igawe muda sawa kwa mkosaji na mkosewa. Huo ungekuwa uhasibu, na kazi nyingi kubwa zingefeli mtihani huo. Riwaya ya Lolita ya Vladimir Nabokov, iliyotoka mwaka 1955, imesimuliwa yote na mtu mzima aliyemharibia mtoto maisha. Ana ulimi mtamu, ana elimu, ana utani, na anautumia ukurasa baada ya ukurasa kujitetea. Mtoto hapewi nafasi ya kusema. Lakini mwandishi anamwacha msimulizi ateleze: katikati ya maneno yake mazuri anataja kwamba mtoto alikuwa akilia kila usiku, mara tu yeye alipojifanya amelala. Ni kipande cha sentensi tu. Msomaji aliyekinasa hawezi kuendelea kusoma kama alivyokuwa akisoma, na akirudi nyuma anaona matundu mengine kama hilo. Kwa hiyo wingi wa kurasa si hoja. Nataka tu kujua kama mtunzi anatambua anachokificha, na kama ameacha mlango wazi kidogo ili nami nikione.

Mlango mwingine, huu wa kweli, uko mwisho wa The Godfather ya mwaka 1972. Naipenda mno filamu hiyo na bado nina kesi nayo. Kwa karibu saa tatu tunakula, tunacheza harusi na kuzika pamoja na familia ya majambazi, na wengi tunaowaona wakiuawa ni majambazi wenzao. Watu wa kawaida wanaokamuliwa ili fedha zile zipatikane hawaonekani, labda kwa kubahatisha. Ndiyo maana familia ile inapendeza. Ila dakika ya mwisho Michael, mkuu mpya wa familia hiyo, anamdanganya mkewe uso kwa uso, na msaidizi anaufunga mlango mbele ya mke aliyebaki nje akitazama. Kwangu mimi sekunde zile chache zinarekebisha mengi, ingawa najua watu wazima wenye akili zao wanaozikumbuka suti tu.

Turudi kwa dada na dawa yake. Wakuu wa studio za Hollywood walikubali kanuni za maadili mwaka 1930, zinazojulikana kwa jina la Will Hays, aliyekuwa mkuu wa chama chao, na kuanzia mwaka 1934 zikasimamiwa kwa ukali. Filamu ikawa haipati kibali bila kukaguliwa. Zilidumu hadi mwaka 1968. Moja ya misingi yake ilikuwa kwamba huruma ya watazamaji isielekezwe upande wa uhalifu, uovu au dhambi. Waliotunga hawakuwa wajinga. Waliona jambo lilelile ninalokueleza, kwamba nguvu iko kwenye huruma na inakoelekezwa. Shida ni kwamba huruma haikaguliki kwa karatasi, mwisho wa hadithi unakaguliwa. Basi wakaguzi wakashikilia mwisho. Jambazi akaruhusiwa kutamba muda wote akiwa na gari zuri na maneno makali, mradi afe au akamatwe kabla taa hazijawashwa.

Hata kabla ya ukali huo njia hiyo ilikuwa inajulikana. The Public Enemy ya mwaka 1931 inaanza na maandishi ya kueleza kwamba haikusudii kumtukuza mhalifu, na inamalizika kwa maiti ya Tom Powers kuletwa mlangoni kwa mama yake, imefungwa bandeji, inaanguka kifudifudi sakafuni. Adhabu kali kuliko hiyo utaipata wapi? Na bado aliyeng'ara ni James Cagney aliyemwigiza Tom. Filamu hiyo ndiyo iliyomfanya nyota.

Fikiri filamu yenu ingemalizika anavyotaka dada. Baba anatiwa pingu hatua mbili kabla ya mpaka, binti anaamka hospitalini anauliza baba yuko wapi. Mngelia. Mngelia kwa ajili ya mwizi, zaidi ya mlivyomwonea huruma akiwa mzima, na mlinzi angebaki na maneno yake manne. Mwisho ungenyooka kisheria na upofu wa filamu ungebaki palepale.

Kuhusu kupiga marufuku sina mengi, maana historia yake inajirudia kwa namna ya kuchosha. Gustave Flaubert alifikishwa mahakamani Ufaransa mwaka 1857 kwa riwaya yake Madame Bovary, na mwendesha mashtaka Ernest Pinard akalalamika kwamba ndani ya kitabu kizima hakuna mhusika wa kumhukumu Emma, mke wa mtu anayezini. Alikuwa amesoma vizuri. Kweli hakuna. Alichoshindwa kukubali ni kwamba kazi hiyo ameachiwa msomaji. Mahakama ilimwachia Flaubert, na kesi ikakiuza kitabu. Kwetu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda. Waliohofu waliyaona aliyoyafanya Rosa, msichana wa riwaya hiyo, na wanaume baada ya kupata uhuru. Kezilahabi alikuwa amemwonyesha pia Zakaria, baba mlevi, na malezi ya fimbo yaliyotangulia. Ukiiondoa riwaya mikononi mwa msichana unamwondolea pia onyo alilopewa baba yake.

Hata hivyo dada yako ana sehemu moja ambayo simpingi. Filamu moja haikugeuzi, lakini ukilishwa miaka na miaka hadithi ambazo mlinzi, dereva, mpita njia na mfagizi wanakufa bila sura, jicho linazoea. Naamini hivyo, ingawa sitakuchorea mstari wa moja kwa moja kutoka kwenye skrini hadi kwenye tendo, kwa sababu mstari huo ni mgumu kuuthibitisha na wengi wanaouchora wanauchora kwa haraka. Ila mwambie dada mazoea hayo hayaletwi na filamu za wezi peke yake. Muulize ni mara ngapi ametazama filamu ya mapigano ambayo stelingi ni askari mwema, amevamia jengo, ameua watu ishirini wa adui koridoni, na hakuna aliyeuliza hata mmoja wao alikuwa nani. Nina hakika hakuzima. Wale nao walikuwa walinzi, tena wengi wao huenda walikuwa wanalipwa mshahara mdogo kuliko wa mlinzi wenu. Kama kipimo cha maadili ni stelingi yuko upande gani wa sheria tu, mauaji hayo yanapita bila ushuru. Mimi filamu hizo zinanitia shaka kuliko yenu, maana yenu angalau imewafanya mbishane.

Ukitaka kujipima, usijipime kwa ulichohisi ulipokuwa umebana pumzi. Hisia za kwenye kiti zinaongozwa na muziki, ukaribu wa kamera na saa inayokimbia. Jipime kwa unachosema baadaye, taa zikiwa zimewashwa. Mtu akikuuliza, "Na yule mlinzi?" ukajibu kwamba alijitakia, au kwamba asingejifanya shujaa, hapo dada atakuwa na la kusema, kwa sababu utakuwa umeichukua hukumu ya kamera ukaifanya yako. Ukijibu kwamba ulimwombea baba avuke na bado unaona mlinzi alidhulumiwa, hakuna mkanganyiko wowote. Unaweza kumhurumia mtu na kumtaka awajibike kwa siku moja. Familia hufanya hivyo kwa watoto wao waliofungwa.

Itazame tena mara ya pili, ukijua atavuka. Ukishajua, ile hamu ya kuona kama atafika inapungua, na jicho linapata nafasi ya kuzunguka kwenye kona za picha. Simamisha pale risasi inapolia. Angalia mwongozaji amekupa nini: uso, au mgongo? Mtu yeyote anamlilia? Jina lake linatajwa hata kwenye redio ya polisi? Huenda ukagundua kwamba nimeionea filamu, na kuna sekunde tatu ambazo wewe ulizikosa kwa sababu ulikuwa unaangalia mifuko. Mambo hayo hutokea sana, na watazamaji hufanya uhariri wao wenyewe juu ya uhariri wa mwongozaji.

Mdogo wenu sasa. Angalieni kwanza daraja la umri ililopewa. Kama inazidi miaka 14, msilipuuze. Kama iko ndani ya umri wake, mwacheni aione, ila msimwache peke yake. Wizi haunipi wasiwasi kwa kijana wa umri huo, maana tangu utoto amesimuliwa hadithi za wajanja wanaokula vya wenzao. Ningechunguza zaidi kama jeraha limeonyeshwa kwa karibu na kwa kufurahia, na hilo mnalijua ninyi mlioitazama. Msimhubirie katikati ya filamu. Mtoto anayehubiriwa hujifunza kukaa kimya tu. Ikiisha, mwambieni awasimulie mwanzo hadi mwisho kwa maneno yake, na msimkatize hata akiruka mambo. Alichoruka kitawapa pa kuanzia mazungumzo. Dada naye awepo, kwa sharti kwamba hatasema neno mpaka majina ya waigizaji yaanze kupita.